Wataita walifika kwenye intaneti kabla ya intaneti kufika Taita

Najua nimepotea kwa majuma kadhaa, kazi za watu zilinibana. Wale mliozoea kuja hapa kutafuta dawa ya kompyuta iliyoingiwa na virusi mtanisamehe, leo sina dawa. Leo nina habari ya kweli ya historia ya kwetu, na imeanzia kwenye faili moja.

Nilikuwa najifundisha R, ile lugha ya programu inayopendwa na watu wa takwimu. Kila anayejifunza huhitaji data ya mazoezi, na mojawapo ya zile zinazotajwa mara kwa mara ni vipimo vya mafuvu ya binadamu vilivyokusanywa na W. W. Howells wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Ni ya bure. Haidai nywila, haidai dola. Nikabofya, ikashuka kabla chai haijapoa, nikaifungua. Mistari 2,524, kila mstari ni fuvu moja, na baada ya hapo safu kwa safu za milimita: urefu wa fuvu, upana wake, kimo cha pua, na kadhalika. Safu moja inataja watu ambao fuvu limetoka kwao. Nikawa nashuka nayo taratibu. NORSE. EGYPT. Halafu TEITA.

Nikasimama hapo. Wasomaji wa upande wetu wameshaelewa, lakini kwa wengine niseme kwamba Teita ndivyo Wazungu wa zamani walivyoandika Taita. Yaani ni sisi. Nikaandika amri ya kuhesabu, jibu likaja: 83. Wanaume 33, wanawake 50.

Sasa, kwa asiyetoka kwetu, jambo hili linahitaji maelezo. Zamani Wadawida hawakumwacha mzee wao kaburini moja kwa moja. Baada ya muda walimfukua, wakachukua fuvu lake na kuliweka kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Hapo watu walikwenda kusema nao mvua ilipokataa au ugonjwa ulipoingia boma. Mapango hayo bado yapo milimani, na kuna mengine karibu na Wundanyi ambayo watalii hupelekwa kuyaona. Si mafuvu yote yaliyobaki, kwa sababu wakati wa ukoloni mengine yalichukuliwa, yakavuka bahari, yakafika katika maabara ya Duckworth pale Cambridge, Uingereza. Ndiko Howells alikokwenda kuyapima, kama alivyopima mafuvu ya mataifa mengine katika makumbusho ya nchi nyingi. Alitoa kitabu mwaka 1973. Mwaka 1996 akatangaza katika jarida la wanaanthropolojia kwamba vipimo vyake vyote viko kwenye intaneti, na kila mtu anaruhusiwa kuvitumia.

Mwaka 1996! Kenya ilikuwa imepata muunganisho kamili wa intaneti mwaka mmoja tu uliotangulia, tena Nairobi. Voi tulikuwa bado tunapanga foleni kwenye kibanda cha simu tukiwa na sarafu mkononi. Kwa hiyo Wataita walifika kwenye intaneti kabla ya intaneti kufika Taita, na waliofika kwanza walikuwa marehemu.

Nimekaa na jambo hili siku nyingi. Simlaumu Howells. Kwa kipimo cha leo alifanya lile tunalodai kila mtafiti afanye, aliweka data yake wazi bila malipo, miaka sita kabla ya lile Tamko la Budapest la mwaka 2002 lililoipa jina harakati ya kufungua utafiti kwa wote. Ndiyo maana linasumbua. Tumezoea kusema shida ya utafiti ni kufungiwa, ukifunguliwa mambo yameisha. Na hapa pana faili iliyofunguliwa kwa zaidi ya robo karne, inayowahusu watu wa milima yetu kuliko mtu yeyote duniani, na sijakutana na mzee mmoja Wundanyi au Mbololo aliyepata kuisikia. Kufungua mlango ni kazi moja. Kufikisha habari kwa mwenyewe ni kazi nyingine kabisa.

Ili tuelewe ilikuwaje, inabidi turudi nyuma kidogo.

Oktoba 1847 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai akaenda hadi Kasigau. Mwaka uliofuata alipita tena nchi ya Taita akielekea Uchaga, na tarehe 11 Mei 1848 akaona mlima wenye kitu cheupe kileleni. Akamwuliza aliyekuwa akimwongoza njia kile cheupe ni nini, yule akajibu kwamba ni baridi. Basi. Lakini Rebmann alikuwa ametoka nchi ya theluji, akaelewa. Habari yake ilisafiri kwa miguu hadi pwani, ikapanda jahazi na meli, ikachapishwa London mwaka 1849 katika jarida la chama chake cha umisheni. Huo ndio mtandao wa wakati ule, mwaka mzima kutoka mlimani hadi kwenye karatasi.

Ilipofika, msomi mmoja wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, aliikataa. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Alibisha kwa miaka, na ilibidi Baron von der Decken apande mlima ule mwaka 1861 na tena 1862 ndipo mjadala ukaanza kuzimika. Mimi huwa nacheka ninapoisoma habari hii, halafu nakasirika. Watu wa Taveta walikuwa wakiamka kila siku wanauona ule weupe asubuhi mawingu yakiondoka. Ubishi ulifanyika London, katika majarida ya London, na wale waliokuwa na jibu hawakuwa kwenye orodha ya wasomaji.

Njia hiyo ilizoeleka. Mwaka 1883 mmisionari J. A. Wray alikaa Sagalla, mlima ule unaouona ukiwa Voi ukigeuka kusini, na mwaka 1894 akachapisha London kitabu cha kujifunzia Kisaghala. Mzungumzaji wa Kisaghala hakukihitaji, na kama angekihitaji angekipata wapi? Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi na Wadawida, akaandika juu ya hasira na matambiko ya kuiondoa moyoni. Kitabu kikatoka Cambridge mwaka 1978. Bill Bravman akaandika historia ya jinsi watu wa milima hii walivyokuja kujiita Wataita, mwaka 1998. Kazi nzuri zote mbili, nimesoma. Lakini nilizisoma nikiwa mtu mzima mwenye mshahara, na si Taita Taveta nilikozisoma.

Halafu ikaja saiba. Mnaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtakumbuka zile kompyuta nzito, picha inashuka kutoka juu kama pazia, na mwenye duka anakuangalia dakika zikihesabika. Intaneti yetu ilipanda kwanza angani kwenye setilaiti ndipo ishuke, na bei yake ilikuwa ya angani vilevile. Nilikuwa kijana wakati huo na nilikuwa na hamu ya kujua kwa nini ndege wa misitu yetu anaitwa kwa jina la mtu. Turdus helleri, yule ndege mwenye mdomo wa rangi ya chungwa anayeishi kwenye vipande vichache vya msitu wa Taita na kwingine popote hayupo, alipewa jina mwaka 1913 kwa heshima ya Edmund Heller, Mmarekani aliyekuwa akikusanya wanyama na ndege. Nikatafuta, nikapata makala ya kisayansi. Nilisoma mistari kumi ya muhtasari, kisha ukurasa ukaniomba takriban dola 30. Kampuni yenyewe sitaitaja. Dola 30! Nililipa shilingi zangu za saiba nikaenda zangu.

Kweli, palikuwa na mipango ya kusaidia. HINARI ya mwaka 2002 ilifungua majarida ya afya kwa nchi maskini, na AGORA ya mwaka 2003 ikafungua ya kilimo. Lakini ilifunguliwa taasisi, si mtu. Kama wewe si chuo, si hospitali, si kituo cha utafiti, hukuwa na nywila. Na wakati ule Taita Taveta haikuwa hata na chuo kikuu chake; cha sasa kilianza kama tawi la Jomo Kenyatta, kikapata hati yake mwaka 2016.

Mwaka 2009 ndio uliogeuza mambo. Mwezi Juni waya wa TEAMS ulitua Mombasa, na Julai SEACOM ikafunguliwa. Waya wa kwenda Nairobi kutoka baharini unapita kwetu Voi, kama reli ilivyopita. Bei zikashuka, simu zikaanza kufungua kurasa, na mtu akaweza kusoma makala akiwa amekaa stendi anasubiri matatu ya Wundanyi.

Mwaka huohuo ilitoka makala ambayo kila mtu wa Tsavo angefaa kuisoma. Mnajua habari ya simba wawili waliokula wajenzi wa reli kati ya Machi na Desemba 1898. Kanali Patterson aliyewaua aliandika kitabu mwaka 1907, akasema Wahindi walioliwa walikuwa 28, na juu yao Waafrika wengi ambao hakuna aliyewaandika. Mwaka 1924 aliwauzia ngozi na mafuvu ya simba watu wa Field Museum, Chicago, kwa dola 5,000, na katika kijitabu kilichotolewa na makumbusho hayo mwaka 1925 idadi ikawa 135. Namba ikanenepa njiani, kama samaki wa mvuvi. Basi mwaka 2009 kikundi cha watafiti, Justin Yeakel na wenzake, kilipima kemikali katika mifupa na manyoya ya simba wale na kukadiria walikula watu kama 35, mmoja 24 hivi na mwingine 11 hivi. Wenyewe walisema makadirio yanaweza kuanzia 4 hadi 72, kwa hiyo tusiishike 35 kama Biblia. Mwaka 2017 makala nyingine ilichunguza mikwaruzo ya meno yao, ikaonyesha hawakuwa wakisaga mifupa kama mtu mwenye njaa ya kufa. Na mwaka 2024 nywele zilizokwama katika meno yaliyovunjika zikatoa DNA ya twiga, choroa, kuro, nyumbu, punda milia na binadamu.

Makala ile ya 2017 iko wazi kwa kila mtu tangu siku ya kwanza. Ile ya 2009 jarida lake hufungua baada ya miezi sita. Hakuna anayezuiwa. Na bado, simama mahali popote kati ya Voi na Mtito Andei uulize simba wale walikula watu wangapi. Utaambiwa 135. Kitabu cha 1907 kimepata filamu, kadi za posta na vibao vya hoteli. Isotopu hazijapata kibao hata kimoja.

Na si simba tu. Petri Pellikka wa Chuo Kikuu cha Helsinki na wenzake, ambao wana kituo chao pale Wundanyi, walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na za mwaka 2004. Waligundua kwamba msitu wa asili wa milima ya Taita ulipungua kwa nusu katika miaka hiyo, ilhali ukihesabu miti yote pamoja na mikaratusi na misonobari ya kupandwa, eneo la msitu lilipungua kwa asilimia 2 tu. Fikiria maana yake kwa mtu anayeishi hapo. Anatazama mlima, anaona kijani, anasema msitu upo. Macho yake hayamdanganyi, lakini nusu ya kile kilicholisha chemchemi na yule ndege wa Heller kimeondoka mbele ya macho hayohayo. Habari hiyo ingetosha kuzungumzwa kwenye baraza la chifu mwezi mzima. Ilichapishwa mwaka 2009 katika jarida la wataalamu wa misitu, kwa Kiingereza cha wataalamu wa misitu.

Haya. Mpaka hapa mtasema mwandishi amekuja kulia. Hapana, kuna utafiti mmoja ambao ulifika kwa wenyewe, tena palepale Sagalla kwa Wray, na ndio ulionifanya niandike makala hii badala ya kuishia kununa.

Upande wa chini wa Sagalla unapakana na Tsavo Mashariki. Ndovu hawajui mpaka. Mahindi yakikaribia kukomaa wanakuja usiku, na kazi ya miezi minne inaisha kabla ya jogoo kuwika. Nina ndugu huko. Nimekula kwao mwaka ambao walivuna, na nimekwenda kwao mwaka ambao walivuna mabua. Mtu anakesha shambani na tochi na debe la kupiga, watoto wanalala darasani kwa kukosa usingizi, na mara nyingine mtu hafiki asubuhi. Mwenye kuona ndovu kama picha ya shati ya mtalii hajakesha huko.

Sasa, wafugaji na warina asali wa Laikipia walikuwa wakisema tangu zamani kwamba ndovu huuepuka mti wenye nyuki. Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walilichukua neno hilo wakalichunguza, wakaandika mwaka 2002. Mwanafunzi wao, Lucy King, akaenda Samburu na Buffalo Springs akiwa na spika, akaziwekea familia za ndovu zilizopumzika kivulini sauti ya nyuki waliokasirika. Familia 16 kati ya 17 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Zilipowekewa sauti ya mvumo mtupu, ni 4 tu kati ya 15 zilizosogea. Hiyo ilichapishwa mwaka 2007. Mwaka 2010 wakachapisha katika PLoS ONE, jarida lililo wazi kwa wote, kwamba ndovu wana mlio maalumu wa kuonyana kuhusu nyuki.

Mpaka hapo ni safari ileile ya zamani: mtu wa hapa anajua jambo, msomi analipima, jarida la ng'ambo linalichapisha. Tofauti ilikuja baadaye. Kuanzia mwaka 2009 King na shirika la Save the Elephants walianza majaribio Sagalla, ndani ya mashamba ya watu wenyewe, wakaweka kituo palepale. Na kando ya makala za kisayansi wakaandika mwongozo.

Mimi ni mtunga programu, niruhusuni niusifu mwongozo huo kwa macho ya kazi yangu. Ni faili ya PDF, inapakuliwa bure. Haianzi na nadharia. Inakuambia mizinga ining'inizwe kwenye nguzo kuzunguka shamba, kila mita 10 kitu kimoja, mzinga wa kweli kisha wa bandia wa ubao, kisha wa kweli tena, ili gharama ipungue. Mizinga yote inaunganishwa kwa waya mmoja. Ndovu akija gizani akausukuma waya kwa kifua, mizinga inayumba upande huu na upande huu, nyuki wanatoka. Juu ya kila mzinga kuna kijipaa cha kivuli kwa sababu nyuki wakichomwa na jua wanahama. Kuna michoro yenye vipimo, fundi wa mbao ambaye hajui neno la Kiingereza anaweza kuutazama akapiga msumari. Unachapishika kwenye printa ya kawaida, unakunjika mfukoni, hauhitaji intaneti ukishakuwa nao. Nikiwafundisha vijana kazi ya programu huwaambia wamfikirie mtumiaji akiwa shambani, chaji imeisha na mikono ina udongo. Waandishi wale walimfikiria.

Na waliendelea kuchapisha matokeo hata yalipokuwa machungu, ambalo ni jambo la kusifiwa zaidi. Makala ya mwaka 2017 ilisema uzio ulizuia asilimia 80 ya ndovu waliokaribia mashamba ya majaribio Sagalla. Katika majina ya waandishi wake, pamoja na King na Douglas-Hamilton, yamo Lala, Nzumu na Mwambingu. Soma majina hayo tena polepole. Miaka 170 baada ya Rebmann, mtu aliyeonyesha njia ameandikwa juu ya makala. Nyingine ya mwaka 2024 ilijumlisha miaka mingi ya kazi katika mashamba 26 na karibu ndovu 4,000 waliokaribia: katika misimu ya kilele cha mazao uzio ulizuia hadi asilimia 86.3. Lakini ilisema pia kwamba ukame wa mwaka 2017 uliwaondoa nyuki wengi mizingani, na asali haikurudi vizuri kwa miaka mitatu. Kwa hiyo uzio si hirizi. Nyuki wakikosa maua, mkulima anabaki na masanduku yanayoning'inia, na ndugu zangu wanaweza kukueleza mwaka huo ulivyokuwa bila kusoma makala yoyote.

Mwongozo huo umekwenda Tanzania, Msumbiji, Sri Lanka na hata Thailand, mkulima wa huko anatundika mizinga kwa vipimo vilivyojaribiwa chini ya mlima Sagalla. Kitabu cha Wray cha 1894 kilitoka Sagalla kwenda London kikakaa huko. Faili hii ilitoka Sagalla, ikazunguka dunia, na bado iko Sagalla, imechafuka kwa mkaa na nta.

Nini kilileta tofauti kati ya faili hii na ya Howells? Zote ni za bure, zote ni PDF au maandishi ya kawaida, zote zinafunguka kwenye simu. Jibu langu ni kwamba moja iliandikwa ikiwa na msomaji wa Sagalla kichwani. Nyingine iliandikwa ikiwa na wataalamu wengine kichwani, na sisi tumo ndani yake kama vipimo, si kama wasomaji. Teknolojia ni ileile. Waya uleule unaopita Voi unabeba zote mbili.

Basi nikaamua kuijaribu ile ya kwanza. Nilipanda Mbololo nikiwa na kompyuta begani, kwa mjomba wangu ambaye amekula chumvi nyingi na ambaye akiwa mtoto alipelekwa pangoni na babu yake. Nikamwamkia, tukanywa chai, nikamweleza nilichokipata. Hakushtuka nilivyotarajia. Aliniuliza, "Wamewapima nini?" Nikamwonyesha safu, hii ni urefu, hii ni upana. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Hawa ni wa ukoo gani?"

Nikasema, "Mjomba, haijaandikwa. Kuna namba tu."

"Na pango?"

"Pia haijaandikwa kwenye faili."

Akasema, "Sasa mtu akitaka kuwasalimia atasema na nani?" Halafu akaniambia nimsomee hizo namba. Nikamsomea zote 83, kwanza wanaume, kisha wanawake, naye akawa anaitikia kwa kichwa kila namba kana kwamba naita majina shuleni.

Niliporudi Voi nilitengeneza nakala yangu ya mistari ile 83, nikatafsiri vichwa vya safu zote kwa Kiswahili, urefu ni urefu na pua ni pua, na mwishoni nikaongeza safu mbili: UKOO na PANGO. Ziko tupu. Nimechapisha karatasi nne, moja iko kwa mjomba na tatu nazipeleka Wundanyi, Mgange na Bura nikipata siku ya mapumziko. Kama nyumbani kwenu kuna mzee anayekumbuka pango lililopungukiwa mafuvu, na mwaka gani, na nani alikuja na mzigo wa masanduku, tafadhali mkalishe chini umsikilize, uandike anavyosema, kwa Kidawida kama ndivyo anavyosema, kisha uniletee.